Risala ya Vijana kwa Mgeni Rasmi Wakati wa Kufunga Mafunzo ya Kupinga Ubaguzi wa Kijinsia na Kauli za Chuki, Mtwara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini, walimu, wazazi wetu na vijana wenzetu,

Tunakushukuru kwa kufika hapa Mikindani. Mbinu tulizojifunza zimetoka katika mafunzo ya kimataifa ya vijana, hasa kampeni ya Baraza la Ulaya ya kupinga kauli za chuki iliyoanza mwaka 2013. Maneno tuliyoyapima ni ya kwetu: ya kijiweni, ya gulioni na ya kwenye makundi ya WhatsApp.

Mheshimiwa, jambo lililotuchukua muda mrefu kuliko yote ni utani. Kusini tunaishi kwa utani na hatutaki ufe. Lakini mtani hujibiwa: leo kakutania yeye, kesho zamu yako, na ukifiwa hakosekani. Binti anayegombea uenyekiti wa kitongoji, akiandikiwa mbele ya watu 200 kwamba "hana mume, ataongoza nani?", hana pa kuurudisha utani huo. Hapo utani umekwisha.

Kupima uzito wa kauli tulitumia maswali sita ya Mpango wa Rabat wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 2012: hali iliyopo, msemaji ni nani, nia yake, alichosema na alivyokisema, kimewafikia wangapi, na madhara yapo karibu kiasi gani. Swali la msemaji ndilo watu hulisahau. Neno la mtoto wa darasa la sita na la mtu aliyeshika kipaza sauti jukwaani hayalingani, hata yakifanana herufi kwa herufi.

Wapo wanaosema kumdhihaki mwanamke ni jambo dogo. Nchini Rwanda, Desemba 1990, gazeti la Kangura lilichapisha "amri kumi" za chuki. Ya kwanza kabisa iliwalenga wanawake wa Kitutsi. Mhariri wake alitiwa hatiani mwaka 2003 na mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, iliyokaa hapa hapa nchini, Arusha.

Ukikutana na kauli ya namna hiyo mtandaoni, usianze kujibu. Piga kwanza picha ya skrini, maana chapisho hufutwa wakati wowote. Ionyeshe jina au namba ya mtumaji, tarehe na saa. Ukiikata yakabaki maneno matupu, si ushahidi tena. Kisha mtafute faraghani aliyetukanwa, umuulize anataka nini. Ndipo uripoti ndani ya programu yenyewe. Jibu, kama lipo, liwe la sentensi mbili, lisirudie tusi, na liwalenge wasomaji walio kimya, kwa sababu mtukanaji habadilishwi pale. Kosa kubwa tunaloliona ni watu wema kusambaza picha ile ili kumwaibisha mkosaji: tusi hulifikia kundi la pili na la tatu, na sura ya binti imo. Kosa jingine ni kutukana pia, halafu akaunti inayofungwa ni ya mtetezi.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Shule za sekondari zitupatie vipindi viwili vya dakika 40 kila mwezi, mwalimu wa malezi na unasihi akiwepo. Pili, kwenye mikutano ya vijiji, mwenyekiti awape wasichana nafasi ya kuzungumza mapema, kabla watu hawajaanza kuondoka.

Tunaomba kuwasilisha.