Kitabu cha ubatizo kinafungia kalanga

Bwana mhariri,

Salamu nyingi kutoka Katuba, hapa Lubumbashi. Nakuandikia juu ya jambo lililonipata Jumamosi ya juzi na mpaka leo linanichoma roho. Nilinunua kalanga kwa mama mmoja karibu na soko ya komini ya Kenya, akanifungia kwa karatasi kama kawaida, nikala njiani, kufika nyumbani nataka kutupa ile karatasi njo nikaona maandishi ya mkono, wino wa buluu umeanza kufifia. Ni ukurasa wa kitabu cha ubatizo, mwaka 1957. Watoto kumi na mmoja, jina la baba, jina la mama, kijiji walikotoka, jina la parini (baba wa ubatizo), na pembeni ya mtoto wa nne padri mwingine ameongeza kwa kalamu nyeusi kwamba huyu alifunga ndoa 1979. Mafuta ya kalanga yamekula majina mawili, hayasomeki tena.

Nilirudi mbio kwa yule mama. Hana kosa hata kidogo, yeye anauziwa makaratasi kwa kilo. Kilichobaki kwake ni daftari za shule tu.

Mimi nafundisha historia sekondari, kwa hiyo niliposhika ile karatasi nilijua ninachoshika. Na hapo nikakumbuka barua iliyotoka kwenye gazeti lenu mwezi uliopita, ndugu yetu mmoja aliandika kwamba Wazungu nao zamani walikaa kama sisi, nkambo (babu na bibi) na wajukuu na mashangazi chini ya paa moja, halafu viwanda vikaja kuvunja yote. Namuheshimu sana, na hayuko peke yake, hata wataalamu wa kwao wenyewe waliamini hivyo miaka na miaka. Lakini mwaka 1964 Peter Laslett na Tony Wrigley walianzisha kikundi cha utafiti pale Cambridge, Uingereza, wakaanza kukusanya orodha za watu wa vijiji, zile ambazo mapadri na wakubwa wa zamani waliandika nyumba kwa nyumba, wakahesabu. Wakakuta nyumba ya Kiingereza tangu karne ya 16 mpaka ya 19 ilikuwa na watu wasiofika watano kwa wastani, baba na mama na watoto, na mara nyingi kijana wa kazi ambaye ni mtoto wa mtu mwingine. Yaani ile nyumba ndogo tunayosema imeletwa na viwanda ilikuwepo tayari hata kabla ya viwanda! Vijana walitoka kwao wakiwa bado wadogo, wanaenda kutumika kwa watu miaka mingi, wanaweka akiba, msichana anaolewa amefika 25 hivi. Mwaka 1965 John Hajnal alionyesha kwamba desturi hii ya kuchelewa kuoa, na wengine kutooa kabisa, ilikuwa ya Ulaya ya Magharibi, yaani upande wa magharibi wa mstari ukiuvuta kutoka Saint Petersburg, Urusi, mpaka Trieste, Italia.

Sasa waliyajua vipi haya yote? Kwa karatasi kama hii yangu ya kalanga, ndugu zangu. Uingereza mapadri waliamriwa mwaka 1538 waandike kila ubatizo, kila ndoa, kila maziko, na Ufaransa amri ya mfalme ya kuandika ubatizo ilitoka 1539. Vile vitabu vilikaa kwenye makabati ya makanisa, panya na unyevu juu yake, mpaka Mfaransa mmoja, Louis Henry, ambaye kazi yake ilikuwa hesabu za watu wala si historia, akaona namna ya kuvitumia. Anachukua ndoa moja, anaifungulia fishi moja, yaani kadi ya kuandikia. Anaandika siku waliyooana, halafu anatafuta ukurasa kwa ukurasa ubatizo wa mume na wa mke ajue umri wao, kisha ubatizo wa kila mtoto, kisha maziko. Fishi ikijaa unaiona familia nzima, mtoto wa kwanza alikuja baada ya miezi mingapi, yupi alikufa kabla hajatembea, mama alizaa mara ya mwisho ana miaka mingapi. Kazi yake juu ya parokia ya Crulai, kule Normandie, ilitoka 1958. Wrigley naye akafanya vile vile kwa Colyton, kusini magharibi mwa Uingereza, akakuta baada ya tauni ya 1645 na 1646 wanawake walianza kuolewa wanakaribia miaka 30, na nafasi kati ya watoto ikaongezeka, mpaka akasema hawa watu walikuwa wanapunguza uzazi kwa kusudi. Karne ya 17! Hakuna hata mmoja wao aliyeacha barua ya kusema hivyo, tarehe tu njo zimesema.

Najua vitabu vya ubatizo na zile orodha za nyumba havisemi kila kitu. Lutz Berkner aliwakosoa watu wa Cambridge mwaka 1972, akatumia vijiji vya Austria kuonyesha kwamba orodha ni picha ya siku moja. Leo wazee wako ndani na mtoto aliyerithi shamba, kesho wamekufa, aliyekuja kuhesabu anaandika nyumba ndogo. Na ni kweli, mtu angekuja kuhesabu kwa nkambo wangu hapa Katuba mwaka 1974 angekuta watu kumi na wanne, angerudi miaka kumi baadaye angekuta watatu, na familia ni ile ile. Na upendo je? Philippe Ariès alidai mwaka 1960 kwamba watu wa zamani za kati hawakumuona mtoto kama mtoto, wengine wakaongeza kwamba wazazi hawakulia sana watoto walipokufa juu walikufa wengi. Lakini kuko daftari ya siku ya mchungaji Ralph Josselin wa kijiji cha Earls Colne, Uingereza, binti yake Mary alikufa 1650 ana miaka minane, na huwezi kusoma alivyomwandika ukasema yule baba hakuumia.

Nkambo wangu pia aliacha fishi. Alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba ya wakati wa Wabelgiji, na kampuni ilipotaka wafanyakazi wakae kambini na mabibi na watoto ilibidi iwaandike wote, juu posho ilipimwa kwa vichwa. Kwenye fishi yake kuko jina la mtoto limekatwa kwa mstari mmoja, na tarehe pembeni, basi. Papa, baba yangu mzazi, alikuwa hajui kama aliwahi kuwa na yaya, yaani ndugu mkubwa. Alikuja kujua akiwa na miaka 61, ameshika ile fishi mkononi, akanyamaza mpaka jioni.

Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, amefanya kazi kubwa juu ya familia za wafanyakazi wa Katanga, kwa hiyo msiniambie hapa hakuna wa kusoma makaratasi haya. Na si lazima wote wawe maprofesa. Kile kitabu kikubwa cha Wrigley na mwenzake Schofield cha 1981, juu ya idadi ya watu wa Uingereza, kilijengwa juu ya parokia 404, na waliokaa kuhesabu ile mistari wengi walikuwa watu wa kawaida wa pale pale, wanajitolea bila mshahara. Wanafunzi wangu wa mwaka wa sita wangeweza, nimewauliza, wanane wameinua mkono.

Ninachoomba ni kidogo. Wakubwa wa parokia, wa kambi, wa komini, kabla ya kuuza makaratasi kwa kilo mtuite kwanza, tutakuja na maboksi yetu. Na ile karatasi ya 1957 iko kwangu, nimeikausha nikaiweka ndani ya plastiki. Ukiwa ulibatizwa mwaka ule, au mzazi wako, pitia kwa mhariri umwachie jina la baba na mama na kijiji, nitalitafuta kati ya yale tisa yanayosomeka.

Mwalimu wa historia, Katuba, Lubumbashi