Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ikaguliwe Kazi, Si Moyo wa Muuguzi

Ndugu wanachama,

Mapato na matumizi atayasoma Mweka Hazina. Mimi nitazungumzia jambo lililoishughulisha sana kamati mwaka huu: tathmini ya vihatarishi vya kisaikolojia, yaani mambo ya mpangilio wa kazi yanayoweza kumwumiza muuguzi akili na afya, katika wodi zetu.

Fomu za ukaguzi mnazijua. Zinauliza kama sefti boksi, lile boksi la kutupia sindano zilizotumika, imejaa, kama glavu zipo, kama sakafu inateleza. Haziulizi muuguzi aliye peke yake usiku anamwita nani ndugu wa marehemu wanapomjia juu. Wala haziulizi kama makabidhiano ya zamu yalifanyika kitanda kwa kitanda, au yalimalizwa mlangoni mtu akiwa tayari na begi begani.

Tulikubaliana mapema kwamba tunapima mpangilio wa kazi, hatupimi ustahimilivu wa mtu. Ndiyo maana dodoso letu linauliza wingi wa wagonjwa, nafasi ya muuguzi kusikilizwa zamu zinapopangwa, msaada wa msimamizi, matusi, na mipaka ya majukumu. Halina sehemu ya jina. Hapo sitalegeza, maana anayeogopa kutambuliwa ataandika "hakuna tatizo" hata kama jana alilia chooni.

Baadhi ya viongozi wa vituo walitujibu kwamba semina ya kukabiliana na msongo inatosha. Semina tunazipokea kwa shukrani, lakini hazimpunguzii mtu zamu mbili mfululizo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa makadirio kwamba anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40. Sheria yetu ya Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa wiki. Basi ratiba ya zamu nayo ni kihatarishi, na ikaguliwe kama sefti boksi inavyokaguliwa.

Wodi moja ya wazazi imeshaanza kulitumia dodoso. Majibu yaliposomwa, muuguzi mfawidhi alianza kubandika ratiba mapema na kuruhusu kubadilishana zamu kwa maandishi. Manung'uniko ya ratiba yamepungua, ingawa usiku wauguzi bado ni wachache mno, na hilo linahitaji ajira mpya. Tutaendelea kulidai.

Naomba kila tawi lichague mkusanyaji wa dodoso asiye msimamizi, na jina lake limfikie Katibu kabla hatujatoka ukumbini leo.