Bendi imeshusha ki nusu, hamonika zangu zimekuwa mapambo. Nifanyeje?

Habari zenu wakuu, naombeni mnisome mpaka mwisho maana hapa mtaani kila nikimweleza mtu anaishia kucheka.

Mi ni baba wa watoto wawili, niko Morogoro, mchana nauza spea za bodaboda maeneo ya Msamvu, Ijumaa na Jumamosi usiku napiga hamonika kwenye bendi. Wengine wanaita kinanda cha mdomo, ila kwenye bendi ukisema kinanda watu wote wanamgeukia jamaa wa kibodi kwahiyo nishazoea kusema hamonika. Bendi yenyewe ni ya kopi, tunapiga zilipendwa, na kwa mji huu ukipiga zilipendwa humkwepi Mbaraka Mwinshehe wala Salum Abdallah na Cuban Marimba yake, wazee wakishashusha mbili tatu hawataki kusikia kingine. Sasa nyimbo nyingi za enzi zile kuna sehemu saksafoni inaingia, na sisi mpiga saksafoni tutamtoa wapi na akija tutamlipa nini, ndo mimi nikapata nafasi, zile sehemu nazipuliza kwa hamonika huu mwaka wa sita. Malipo ni elfu kumi ya nauli na soda, siku ikichangamka nyama choma. Sijawahi kulalamika.

Tatizo limeanza mwezi wa tatu. Tumepata mwimbaji mpya, dada mmoja ana sauti tamu kwelikweli ila iko chini, akifika juu inamkatikia. Kiongozi akaamua ki ya nyimbo zote, yaani ile sauti ya msingi wimbo unapoegemea, ishuke nusu hatua. Mpiga solo, rithim na besi wakalegeza nyuzi zao, hata soda yangu sijaimaliza wako tayari, jamaa wa kibodi yeye kabonyeza kitufe kimoja tu basi. Halafu wote wakanigeukia mimi, "twende".

Twende wapi? Hamonika ya matundu kumi imefungwa kwenye ki yake, ulimi wa shaba uliomo ndani ukishatengenezwa ulie D utalia D mpaka ufe. Mi ninazo nne, C, F, G na D, nimezikusanya moja moja kwa miaka. Rumba ya C nachukua C yenyewe, ile ya taratibu ya kuvuta hisia ikiwa G nachukua hiyohiyo C ila napiga zaidi kwa kuvuta pumzi ndani kuliko kupuliza. Ndo mtindo wangu wote huo. Sasa nyimbo zikishuka nusu nahitaji B, E, F sharp na D flat, yaani seti nzima upya, na moja ya maana inaanzia laki na kitu, tena mpaka uagize Dar. Kuna ile kubwa yenye kitufe pembeni, ukikibonyeza inapanda nusu, hiyo inapiga ki zote, ila bei yake ni kodi yangu ya miezi kadhaa na inabidi nianze kujifunza kama mtoto.

Nikajaribu ujanja. Nikachukua ile C iliyozeeka, tundu la nne ukivuta lilishaanza kupotoka, nikampelekea fundi redio aweke tone la risasi kwenye ncha ya kila ulimi, maana ncha ikiwa nzito sauti inashuka. Ndimi ziko ishirini wakuu. Tulifika wa saba jasho linatutoka, mmoja ukashuka nusu safi kabisa, mwingine ukashuka mpaka ukawa unakoroma kama chura, ule wa tundu la pili ukakatika kabisa. Fundi akaniambia niende tu na elfu tano yangu.

Nikamfata kiongozi nikamwomba bendi inichangie hata hamonika mbili tu. Akasema hela hamna, tena mi nilivyo mzuri wa mapigo nishike kayamba na kuitikia nyuma. Kwahiyo saivi nashika kayamba. Jumamosi iliyopita mzee mmoja anayekujaga kila wiki kamuuliza mhudumu "yule kijana wa kupuliza mbona hayupo, kahama?" na mi nimesimama pale hatua tatu kutoka mezani kwake natingisha kayamba!

Ningeshaondoka zamani, ila kiongozi ni shemeji yangu, kaka wa damu wa mke wangu, tena ndo alisimama kwenye mahari nilipokwama. Mama watoto naye sijui nimweke upande gani, nikimwambia nanunua hamonika ananiuliza ada ya shule inalipwa na muziki, nikimwambia basi naacha bendi ananiambia nitamdhalilisha kaka yake mbele ya ukoo.

Halafu kuna kijana mmoja anapiga gitaa kavu kwenye lodge moja huku Kilakala, yeye na mwenzake tu, hawana mwimbaji wala makelele, nyuzi ziko kawaida. Ameniomba Jumamosi hii nikakae naye tujaribu, na Jumamosi hiyohiyo bendi ina harusi.

Naombeni ushauri hasa wale mliowahi kupiga bendi au mnaofanya kazi na mashemeji. Nikope kwenye kikoba ninunue hata B na E nipige nusu ya nyimbo, nimwombe yule dada tujaribu nyimbo mbili tatu kwa ki ya zamani (naogopa ataona namkosoa sauti), au niende zangu Kilakala nimwambie shemeji naumwa? Uongo sijui kusema, nikidanganya masikio yanawasha na mke wangu anajua.

Leo Jumatano, nijibuni mapema.