Kipindi cha redoksi kimehamia Jumamosi, naomba mthibitishe

Mambo wanakikundi, poleni na majukumu. Kile kipindi cha Ijumaa jioni cha redoksi (mimenyuko ya kemia ambayo elektroni zinahama) hakipo tena, tumekisogeza Jumamosi saa 3 asubuhi, darasa lile lile la karibu na maabara, na safari hii tuanze kwa wakati jamani.

1. Mchango ni sh. 500 kila mtu ya kutoa kopi za maswali, mpeni mweka hazina mwisho Alhamisi.

2. Kila mtu aje ameshaandika namba za oksidesheni (chaji ambayo kila atomu inahesabiwa kuwa nayo) za hizi:
Zn + CuSO₄ → ZnSO₄ + Cu
HCl + NaOH → NaCl + H₂O
2H₂O₂ → 2H₂O + O₂

Ya kwanza wengi mnaiweza, zinki inatoka 0 inapanda +2, shaba inashuka toka +2 hadi 0, elektroni zimehama hapo basi ni redoksi. Ya pili ndo mtego wenyewe, watu wakiona vitu vimebadilishana wanakimbilia kusema redoksi wakati hakuna namba hata moja iliyosogea. Ya tatu siwamalizii utamu ila kumbukeni oksijeni kwenye H₂O₂ ni −1 sio −2, na msishangae ikipanda na kushuka humo humo.

3. Mwenye jedwali la elementi aje nalo, letu limechanika.

Anayekuja aandike NAKUJA hapa chini kabla ya Alhamisi saa 2 usiku, na asiyeweza aseme pia tujue tunatoa kopi ngapi. Emoji ya dole siihesabu 😂