Nyeusi Inayofutika kwa Kidole: Wino na Karatasi ya Picha Visipopatana

Lalamiko tunalolipokea kuliko yote ni hili: picha imetoka safi, sura za watu zinaonekana vizuri, ila nywele na suti nyeusi zinaacha weusi kwenye kidole hata kesho yake. Mteja anahisi ameuziwa wino bandia. Mara nyingi wino ni halali na printa ni nzima. Kilichotokea ni kwamba printa iliambiwa karatasi iliyowekwa ni ya kawaida, ikamwaga juu ya karatasi ya kung'aa wino mweusi ambao karatasi hiyo haiunywi.

Printa za wino za nyumbani hutumia wino wa aina mbili. Aina ya kwanza, ambayo chupa yake huandikwa Dye, rangi yake imeyeyuka kabisa, kama chumvi kwenye maji. Tuuite wino wa kuyeyuka. Aina ya pili huandikwa Pigment, na rangi yake ni chembe ndogo mno zinazoelea ndani ya maji bila kuyeyuka. Wino wa kuyeyuka huzama ndani ya tabaka la juu la karatasi ya picha. Wino wa chembe hubaki juu juu. Kwenye karatasi ya kawaida hilo ni jambo jema, maana chembe hukamata nyuzi za karatasi, herufi zikatoka nyeusi, zenye kingo kali na zisizochuruzika zikilowa. Ndiyo sababu printa nyingi hupewa mweusi wa chembe na rangi nyingine tatu za kuyeyuka. Canon za mfululizo wa Pixma G zinazotumia wino wa GI-490 ziko hivyo, na HP zinazotumia GT53 kwa mweusi na GT52 kwa rangi ni vivyo hivyo. Epson zinazotumia wino wa 664, kama L220 na L360, zina wino wa kuyeyuka kwenye matangi yote manne, hivyo tatizo la weusi kufutika hulikuti huko kwa urahisi.

Printa yenye mweusi wa chembe ikiambiwa kwamba karatasi ni ya picha ya kung'aa, huuacha mweusi huo kabisa na kuutengeneza weusi kwa kuchanganya samawati, magenta na njano. Weusi huo hauwi mzito sana, wakati mwingine huelekea kahawia au kijani kidogo, na kwa printa ya rangi nne hapo ndipo uwezo wake ulipoishia. Lakini haufutiki. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote kipya, fungua dirisha la kuchapisha, nenda sehemu ya aina ya karatasi, na uhakikishe haikubaki kwenye karatasi ya kawaida. Chaguo hilo si la mapambo: ndilo linaloamua wino kiasi gani udondoke, mweusi upi utumike, rangi zichanganywe vipi, na kwa baadhi ya printa hata kichwa (sehemu inayodondosha wino) kiinuliwe umbali gani kutoka kwenye karatasi. Wanaochapa kutoka kwenye simu wawe waangalifu zaidi, kwa sababu programu nyingi za simu huficha chaguo hili au hulirudisha kwenye karatasi ya kawaida bila kukuuliza.

Hujui mweusi wako ni wa aina gani? Chapa mstari mnene mweusi kwenye karatasi ya kawaida, uache saa nzima ukauke, kisha dondosha tone moja la maji katikati ya mstari. Subiri dakika moja, ufyonze kwa karatasi laini bila kusugua. Wino wa kuyeyuka utatawanyika na kuacha duara lenye kingo za zambarau au bluu. Wino wa chembe utabaki palepale, maji yakitoka karibu meupe.

Kuna wino wa tatu usiohusika kabisa na karatasi ya picha, ambao hata hivyo tunakutana nao kila mara: wa sablimesheni, unaotumika kuhamishia picha kwenye vikombe na fulana kwa joto. Ukichapwa kwenye karatasi ya picha hutoka hafifu, kama picha iliyoachwa juani, kwa kuwa rangi yake halisi hufunguka ikipigwa pasi ya joto kwenye poliesta. Ukinunua printa iliyotumika, uliza iliwahi kujazwa nini.

Sasa karatasi

Watu huchagua kwa uzito, gramu 180, 230, 260, kana kwamba uzito ndio ubora. Uzito unakuambia ugumu wa karatasi tu. Kinachopokea wino ni tabaka jembamba la juu, na chini yake kuna ama karatasi tupu ama karatasi iliyofunikwa plastiki pande zote mbili.

Zile za bei nafuu, nyingi kati ya gramu 115 na 230, ni karatasi tupu iliyopakwa tabaka la kung'aa upande mmoja. Maji ya wino huvuka tabaka na kuingia kwenye karatasi yenyewe, ndiyo maana picha yenye giza jingi hujikunja au kufanya mawimbi. Zilizofunikwa plastiki huandikwa herufi RC, kwa kawaida ni gramu 240 hadi 300, na mkononi zinafanana na picha za studio. Kuzitofautisha, chana kona ya karatasi moja. Ya karatasi tupu itachanika na kuacha manyoya meupe. Ya RC itavutika, na utaona utando wa plastiki ukining'inia kwenye mchano.

Tabaka lenyewe nalo lina aina mbili. La vinyweleo (vitundu vidogo mno), lililotengenezwa kwa silika au alumina, hunywa wino papo hapo na hupokea aina zote mbili, ingawa wino wa chembe juu ya tabaka la kung'aa sana huweza kuacha tofauti za mng'ao ukiipinda picha kwenye mwanga. Tabaka la kuvimba, la jelatini au polima kama hiyo, ni la wino wa kuyeyuka peke yake. Hukauka polepole, na wino wa chembe haushiki juu yake. Siku hizi si la kawaida madukani. Pakiti ikisema hukauka papo hapo, hiyo ni ya vinyweleo, na kama hujui uchague ipi, chukua hiyo. Kwa printa yenye wino wa chembe kwenye rangi zote, karatasi ya mati (isiyong'aa) iliyopakwa tabaka ndiyo tungependekeza kwanza.

Vinyweleo vina gharama yake: viko wazi kwa hewa, na ozoni iliyomo hewani huila rangi ya wino wa kuyeyuka. Picha iliyobandikwa ukutani bila kioo hupauka mapema kuliko nakala yake iliyomo kwenye albamu, hata kama zote mbili hazipigwi na jua.

Karatasi ya kung'aa ya printa za leza haina tabaka la kunywa wino. Ukiiweka kwenye printa ya wino, matone husimama juu na kutiririka. Kosa la kinyume ni baya zaidi. Karatasi ya RC ikipita kwenye leza hukutana na rola yenye joto linalokaribia nyuzi 200 za Selsiasi, plastiki ikayeyuka na kugandamana na rola.

Kama hutambui upande wa kuchapa, lowesha kidole kidogo sana, gusa kona. Upande wenye tabaka utakinata kidole. Karatasi ngumu ipitishe mlango wa nyuma kama printa inao, kwa sababu trei ya mbele huikunja nusu duara kabla ya kuifikisha kwenye kichwa.

Wino mbadala

Neno "inaendana na" kwenye chupa linapaswa kubeba mambo matatu: namba ya wino wa printa yako, aina ile ile kwa kila rangi (mweusi wa chembe kwa mweusi wa chembe), na aina ya kichwa. Epson husukuma wino kwa fuwele inayojipinda ikipitishiwa umeme. Canon na HP huuchemsha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde mpaka povu lirushe tone. Wino uliotengenezwa kuvumilia joto hilo si lazima ufae kichwa cha Epson, wala wa Epson kufaa huko. Chupa inayodai kufaa printa zote za dunia, sisi hatuiweki kwenye rafu.

Usiongeze wino wa aina nyingine juu ya mabaki ya wa zamani. Chembe zikikutana na kimiminika kisicho chao zinaweza kugandana na kuziba matundu ya kichwa. Na tegemea rangi kuhama kidogo, kwani hesabu zilizo ndani ya programu ya printa zilipangwa kwa wino asili. Ukilazimika kubana matumizi, bana kwenye karatasi. Karatasi mbovu inakupotezea karatasi moja, wino mbovu unapita ndani ya kichwa.

Kujaribu karatasi mpya, chapa kwanza ukurasa wa kukagua matundu. Mistari ikikatika, safisha kichwa mara moja tu, bila kurudia rudia, kwa sababu kila usafishaji unakula wino na kujaza sponji inayofyonza wino wa taka. Kisha kata A4 moja vipande vinne sawa, utapata A6 nne. Chagua picha yenye ngozi ya mtu, kijivu na giza zito, uichape kwa chaguo tofauti za aina ya karatasi, ukiandika nyuma ya kila kipande ulichagua nini. Baada ya dakika kumi angalia sehemu za picha zenye giza. Ukiona vidimbwi au madoadoa, wino umezidi, chagua aina inayomwaga kidogo. Rangi zikiwa zimepauka, wino uliodondoshwa ni kidogo mno. Mikwaruzo myeusi kwenye kingo maana yake kichwa kinagusa karatasi iliyojikunja: inyooshe, au washa chaguo la karatasi nene.

Hukumu ya rangi iache mpaka saa 24 zipite. Karatasi ya vinyweleo ukiigusa huiona imekauka papo hapo, lakini glikoli (kimiminika kinachokauka polepole) iliyomo kwenye wino huendelea kutoka taratibu, na picha ikitiwa kwenye fremu mapema, ukungu hujitengeneza ndani ya kioo. Karatasi zilizobaki zirudishe kwenye mfuko wake, zilazwe, mbali na unyevu. Tabaka likishakunywa unyevu wa hewa, kingo za rangi huanza kuingiliana.

Ukituandikia kuomba ushauri, tuma namba kamili ya modeli, namba iliyoko kwenye chupa au katriji, picha ya nyuma ya pakiti ya karatasi, na aina ya karatasi uliyoichagua kwenye dirisha la kuchapisha.