YAH: TV YA INCHI 55 ILIYOZIMIKA SIKU TATU BAADA YA WARANTI, NA NILIVYOTENDEWA KWENYE KITUO CHENU CHA HUDUMA

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

1 Septemba 2025

Ndugu Meneja,

Naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kuandika kwa adabu. Nimefundisha shule za msingi miaka 34 na sijazoea kumtukana mtu kwa maandishi.

Jumatatu ya tarehe 25 Agosti, mbele ya watu waliojaa mabenchi mawili, kijana wenu wa kaunta aliniambia: "Bibi, labda macho ndiyo yana shida, nenda kapime kwanza." Watu wakacheka. TV yangu ilikuwa sakafuni, imelazwa kifudifudi juu ya saruji. Hilo ndilo jibu nililopewa kwa shilingi 2,950,000 nilizowalipa taslimu, na risiti ya EFD ninayo.

Masharti ya waranti sina haja ya kuwasomea. Mnajua miaka miwili mnaihesabu kuanzia lini. Mnajua pia kwamba TV ya inchi 50 na kuendelea mnapaswa kuifuata nyumbani, mmeandika wenyewe kwenye kadi. Nilipiga simu Jumamosi, nikapiga tena Jumapili, gari halikuja. Nikakodi kirikuu kutoka Tabata kwa shilingi 25,000, tukaizungushia TV blanketi, mjukuu wangu akakaa nyuma akiishikilia njia nzima.

Mtasema waranti iliisha tarehe 19 Agosti na TV imezimika tarehe 22. Ni kweli. Siku tatu. Lakini tarehe 2 Agosti, Taifa Stars ilipofungua CHAN na Burkina Faso pale kwa Mkapa, upande wa kushoto wa kioo uliingia kiza kama mtu aliyevuta pazia, kisha ukarudi. Kipindi cha pili ukapotea tena. Jumatatu yake, tarehe 4, nikawapigia. Dada aliyepokea akasema nichomoe waya, nisubiri dakika tano, niwashe, na ikiendelea basi tatizo ni king'amuzi. Nikamwambia king'amuzi hakiwezi kutia giza nusu ya kioo na kuiacha nusu nyingine. Akasema nitapigiwa. Sijapigiwa mpaka leo.

Simu zenu zinaanza na sauti inayosema mazungumzo yanarekodiwa ili kuboresha huduma. Basi naomba mkayasikilize hayo ya tarehe 4 Agosti, majira ya saa nne asubuhi. Siku hiyo waranti yangu ilikuwa bado na siku 15.

Halafu ikaja robo fainali na Morocco. Majirani walikuwa wamejaa, watoto wamekaa mkekani, chai imeshamiminwa. Mechi haijafika mbali, kioo kikafa chote. Sauti ipo, mtangazaji anaongea, uwanja unapiga kelele, picha hakuna. Tuliimaliza mechi tukisikiliza TV kama redio. Tukafungwa moja bila, na bao lenyewe hatukuliona.

Asubuhi yake alikuja fundi wa mtaani kwetu. Nilimkataza kuifungua, maana nilijua mngesema imechezewa. Alifunga mapazia, akawasha tochi ya simu, akaisogeza mpaka ikaribie kugusa kioo. Nikaona picha. Hafifu sana, lakini ipo: msomaji wa habari, tai yake, midomo inavyokwenda. Fundi akanieleza kwamba kioo ni kizima, zilizokufa ni taa ndogondogo zinazokimulika kwa nyuma. Zimeungwa kwa mfuatano, moja ikikatika, mstari wote unazimika. Na kwenye TV nyembamba kama hii yangu taa hizo zimepangwa ukingoni tu, zimebanana, joto linarundikana hapo hapo.

Akaniuliza nani aliifunga ukutani. Nikamwambia ni mafundi wenu. Kwa mwanga huo huo wa tochi akaingia kwenye mipangilio, akanionyesha: mwanga wa nyuma uko 100, na hali ya picha ni ile ya dukani. Kumbe miaka miwili TV yangu imekuwa ikiwaka sebuleni kwangu kwa nguvu ile ya kuvutia wapita njia dukani kwenu! Taa ikiwaka kwa nguvu zote muda wote inachemka na kufa mapema. Kuupunguza mwanga ni kazi ya nusu dakika. Mafundi wenu wawili walikunywa chai kwangu, wakapima ukuta, wakatoboa, wakaondoka bila kunigusia hilo.

Sasa hili la bei, ambalo ndilo linaloninyima usingizi. Agosti 2023 niliingia dukani kwenu nikiwa na nia ya TV ya shilingi 1,150,000. Inchi 55 zile zile. Muuzaji wenu ndiye aliyenishika mkono akanipeleka upande wa pili. Maneno yake nayakumbuka yote: "Mama, ile ni ya kupita, hii ndiyo ya kukaa. Ukichukua hii umemaliza, miaka kumi huji dukani." Nikaongeza shilingi 1,800,000 kutoka kwenye kiinua mgongo changu. Sikuongeza kwa ajili ya wembamba wala rangi kali, wala sikuwahi kuomba TV yenye intaneti. Nilinunua miaka, kwa sababu miaka ndiyo niliyouziwa.

Jirani yangu alichukua ile ya 1,150,000, mwezi ule ule. Inaonyesha mpaka leo, na taarifa ya habari ya saa mbili usiku naenda kuitazama kwake. Sisemi TV za bei nafuu hazifi, zinakufa kila siku. Nasema mmechukua hela yangu kwa jambo ambalo nyinyi wenyewe hamliamini. Kama ya bei kubwa inaishi zaidi, mbona kadi ya waranti ya jirani yangu inasema miaka miwili na yangu inasema miaka miwili? Nimeziweka kadi zote mbili mezani, nimezisoma mstari kwa mstari. Ni maneno yale yale. Anayejua kwamba kitu chake kitakaa miaka kumi angekuwa na hofu gani ya kukidhamini kwa minne?

Nina TV ya chogo ya inchi 21 niliyoinunua Kariakoo mwaka 1999. Analojia ilipoanza kuzimwa mwisho wa 2012 niliifungia king'amuzi, ikaendelea. Sasa iko Kilosa kwa mdogo wangu na bado inawaka. Imefunguliwa na fundi mara mbili maisha yake yote, na mara zote mbili alibadilisha kifaa kidogo kilichoungua, hakunambia ninunue TV nyingine.

Narudi kaunta, kwa sababu mwanzo niliandika kwa haraka na nataka mjue yote.

Nilifika saa tatu asubuhi. Kijana yule ni umri wa kitindamimba wangu. Hakunisalimu. Neno lake la kwanza lilikuwa "Niambie." Nikamweleza kila kitu, tangu simu ya tarehe 4. Akaichomeka TV kwenye umeme, sauti ikatoka, akaniambia, "Imepigwa na umeme hii." Hakushika bisibisi. Hakugeuza hata mgongo wa TV auangalie. Nikamwambia imefungwa kwenye stabilaiza niliyonunua kwenu siku ile ile, iko kwenye risiti ile ile, na king'amuzi kilichochomekwa hapo hapo ni kizima. Akajibu, "Umeme ni umeme." Nikamwambia, "Mwanangu, zima taa umulike tochi, picha ipo, utaiona." Akasema, "Wewe unaona picha hapo?" Nikasema ipo, nimeiona kwa macho yangu. Ndipo akasema: "Bibi, labda macho ndiyo yana shida, nenda kapime kwanza." Alipandisha sauti ili wa nyuma wasikie, na wakasikia.

Mwaka 2021 nilifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. TV ya inchi 55 niliichagua kwa sababu hiyo, na muuzaji wenu nilimwambia hivyo. Kijana wa kaunta hakulijua hilo. Mjukuu wangu wa miaka 14 aliyesimama pembeni yangu analijua, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akinitia dawa ya matone. Njia nzima ya kurudi Tabata hakusema neno.

Wakati wanacheka, kijana wenu aliinua TV kwa upande mmoja, akaiburuta, akailaza sakafuni uso chini ili kaunta ipatikane kwa mteja mwingine. Blanketi nilikuwa nalo mkononi, hakuniomba. Sakafu ilikuwa na mchanga. Sasa kuna mkwaruzo wa urefu wa kidole kwenye kona ya chini kulia. Mjukuu wangu aliipiga picha TV asubuhi ile kabla hatujaipakia, na kwenye picha kona hiyo ni safi.

Kisha nikapewa karatasi: kubadilisha kioo kizima, shilingi 1,450,000. Karibu nusu ya bei niliyonunulia, kubadilisha kitu ambacho hakijaharibika. Fundi wa mtaani anataka 130,000, taa na ufundi pamoja.

Nilipokaa kuandika barua hii nilitaka kuwaomba jambo moja tu, mniwekee taa mpya bila malipo. Lakini kila ninapoandika nazidi kuona hilo halitoshi. Kioo mmekikwaruza wenyewe, kwa hiyo taa peke yake hazinirudishii TV yangu. Nataka mnipe TV nyingine mpya ya aina hiyo yenye waranti inayoanza upya, au mnirudishie shilingi 2,950,000 zote, pamoja na 25,000 za kirikuu. Na nataka barua ya kuniomba radhi, yenye sahihi yako wewe Meneja. Simtaki kijana yule aje kuniomba msamaha kwa kulazimishwa. Nataka afundishwe kazi, ya mikono na ya mdomo.

Msiponijibu, nitakwenda Tume ya Ushindani. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwambia mstaafu kwamba TV itakaa miaka kumi huku mkiidhamini kwa miwili ni kumpotosha. Nitakwenda na risiti, kadi mbili za waranti, picha za kona ile, na tarehe ya simu mliyoirekodi. Majirani waliokuwa sebuleni kwangu tarehe 22 wako tayari kusema walichokiona. Tume ikichelewa, nitafungua kesi mahakamani, na sitadai bei ya TV peke yake, nitadai na fidia ya kudhalilishwa mbele za watu.

Nilikusudia kuwapa siku 14. Lakini nyinyi ninawasubiri tangu tarehe 4 Agosti, na siku zile 15 za waranti yangu mlizitumia kunisubirisha. Nawapa siku saba, mpaka Jumatatu tarehe 8 Septemba, saa kumi jioni. Kwa simu msinipigie. Nataka jibu la maandishi.

TV iko nyumbani, imeegemezwa ukutani, imefunikwa blanketi. Kama mtaamua kuifuata, mje na gari lenu, na watakaokuja waibebe watu wawili.

Wenu,

(sahihi)
Mteja, Tabata

Viambatisho: nakala ya risiti ya EFD, nakala za kadi mbili za waranti, picha mbili za kona ya chini kulia ya kioo (kabla na baada), karatasi ya makadirio ya shilingi 1,450,000.