Umekuja kupima soriasisi? Soma hapa kwanza

Aliingia maabara kwetu hapa Ngamiani mchana wa jua la kaskazi, mtandio umemfunika mikono mpaka vidoleni. Alipoukunjua ili nimtoe damu, nikaona viwiko vina magamba meupe yanayometa, chini yake ngozi nyekundu. "Nimekuja kupima soriasisi," akasema. "Mtaani wanasema ukoma, hata chai yangu hawanywi."

Nilimwambia mambo mawili kabla sijafungua sindano. Soriasisi, ugonjwa wa ngozi unaotokana na kinga ya mwili, haiambukizi: kuleni sahani moja, lala na mumeo, azimaneni kanga. La pili halikumfurahisha. Hakuna kipimo cha damu kinachosema huyu ana soriasisi. Daktari wa ngozi huitambua kwa macho na mikono, na pale inapomtatiza hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe. Akitokea mtu wa kukuuzia "kipimo cha damu cha soriasisi", baki na pesa yako.

Basi damu tunaipima ya nini? Soriasisi haiishii kwenye ngozi. Kinga ya mwili imechanganyikiwa, inaiamrisha ngozi ijifanye upya kwa siku chache badala ya takribani mwezi mzima. Mkanganyiko huo huleta uvimbe wa ndani (inflammation), unaoweza kuingia kwenye viungo, na wenye soriasisi kali wako katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo. Daktari anataka kujua ndani kunafukuta kiasi gani, ndipo anapokuandikia CRP na ESR, vipimo viwili vya damu vya kuangalia uvimbe huo.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini. Mwili ukipata uvimbe hupanda ndani ya saa chache, na uvimbe ukitulia hushuka upesi. ESR ni kipimo cha subira. Damu inawekwa kwenye mrija mwembamba, unasimamishwa wima, hauguswi na mtu kwa saa 1, kisha tunasoma chembe nyekundu zimeshuka milimita ngapi. Palipo na uvimbe chembe hizo hushikana kama sarafu zilizopangwa, zikawa nzito, zikazama haraka. Kwa hiyo ukiambiwa usubiri, hatukucheleweshi. Kwenye FBP nako, yaani kipimo cha picha kamili ya damu, daktari anaweza kulinganisha neutrofili na limfosaiti, aina mbili za chembe nyeupe. Uwiano huo mara nyingi huwa juu kwa wenye soriasisi, na hauhitaji damu nyingine.

Tatizo ni kwamba vipimo hivi havijui uvimbe umetoka wapi. Malaria, UTI, hata jino bovu, vyote hupandisha CRP. Upungufu wa damu na ujauzito hupandisha ESR, ilhali selimundu huweza kuishusha ikakudanganya. Ndiyo maana tunakuuliza maswali mengi pale dirishani. Ukiwa na homa, tutibu homa kwanza. CRP ya soriasisi ingoje upone. Tuambie na dawa zote unazotumia. Kama unameza prednisolone, dawa ya jamii ya steroidi, usiiache ghafla kwa sababu ya kuja kupima, maana kuikatiza kunaweza kuilipua soriasisi mwili mzima. Na anayetumia methotrexate, dawa ya kutuliza kinga ya mwili, ambayo kwa soriasisi ni mara moja kwa wiki wala si kila siku, asikose FBP na vipimo vya ini kwa tarehe alizopangiwa.

Majibu ya yule dada yalitoka: CRP 4, ya kawaida kabisa. Akatabasamu, akaanza kukunja karatasi. Nikamwomba anionyeshe kucha. Zilikuwa na vishimo vidogo vidogo kama subana ya fundi cherehani. Nikamuuliza asubuhi anaamkaje. Akasema vidole vinakaza, mwiko haushikiki mpaka jua lipande.

CRP ya kawaida haimaanishi kwamba huna ugonjwa wa viungo. Wengi wenye soriasisi ya viungo damu yao husoma sawa kabisa. Vishimo vya kucha na vidole kukaza asubuhi vinaweza kuwa dalili zake, hivyo nikayaandika chini ya karatasi yake ya majibu, nikamsihi aonane na daktari wiki hiyohiyo, na kesho yake nikampigia kumuuliza kama amekwenda.